Pipa la barafu, presha na tiba mgando: baridi inatibu nini hasa?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 43, naishi Tabata, Dar es Salaam. Kwenye gym yetu wameweka pipa la maji na barafu, vijana wanajitumbukiza baada ya mazoezi. Wanasema ni tiba ya tangu enzi: inakuza misuli, inakata kitambi, inaongeza kinga ya mwili na kuondoa msongo. Nina presha, natumia amlodipine. Nikitaka kuingia nifuate utaratibu gani? Halafu dada yangu amepimwa kliniki akaambiwa atafanyiwa tiba mgando. Ndiyo hii hii?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na yanayokubana. Kwa presha yako, usiingie kwenye pipa hilo wiki hii. Pima kwanza; namna ya kupima naieleza chini. Na dada yako asiogope: tiba mgando, yaani kugandisha seli zenye dosari kwenye mlango wa kizazi, haihusiani na pipa la gym, ni tiba nzuri, na asiikimbie.

Baridi ina kazi mbili inazozifanya bila shaka yoyote: hutoa joto mwilini, na hutia ganzi. Ikiwa kali mno hufanya ya tatu, huua seli. Matumizi ya baridi yaliyodumu hospitalini mpaka leo yameegemea mojawapo ya kazi hizo tatu. Yale yanayoitaka baridi ifanye zaidi ya hapo ndiyo yanayoyumba kila yanapopimwa, na mengi uliyoambiwa gym yamo humo.

Ni tiba ya kale kweli

Katika mafundisho ya kitabibu yanayohusishwa na Hippokrate, tabibu wa Ugiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, imeandikwa kwamba maji baridi mengi yakimwagwa kwenye viungo vilivyovimba na kuuma, pasipo kidonda, hupunguza uvimbe na maumivu, kwa kuwa ganzi ya kiasi huondoa maumivu. Fundisho hilo bado liko sawa. Mchezaji aliyeteguka kifundo cha mguu leo anawekewa barafu kwa sababu hiyohiyo.

Waroma walituachia fundisho la aina nyingine. Mwaka 23 kabla ya Kristo Kaisari Augusto aliugua hadi akakata tamaa, na tiba za kupasha joto hazikufua dafu. Tabibu wake Antonius Musa akageuza mambo: maji baridi ya kuoga, maji baridi ya kunywa. Kaisari akapona, Musa akamwagiwa fedha na kujengewa sanamu. Mwaka huohuo akaugua Marcellus, kijana wa dada yake Kaisari aliyetazamiwa kumrithi. Musa huyohuyo akamtibu, na kijana akafa. Mtu mmoja kupona baada ya kuoga maji baridi hakukuthibitisha kitu wakati ule, na ushuhuda wa jamaa mmoja kwenye video hauthibitishi kitu leo.

Aliyeanza kuleta vipimo ni James Currie wa Liverpool, Uingereza. Mwaka 1797 alichapisha taarifa za wagonjwa wa homa aliowamwagia maji baridi, na alipima joto lao kwa kipimajoto kabla na baada, jambo ambalo madaktari wengi wa siku zile hawakulifanya. Kuanzia 1861 Ernst Brand, daktari wa mji wa Stettin, akatengeneza utaratibu mkali kwa wagonjwa wa homa ya matumbo: joto likifika nyuzi 39, mgonjwa anatiwa kwenye bafu la maji baridi kwa takriban dakika 15, na zoezi linarudiwa kila baada ya saa 3, mchana na usiku. Hospitali kubwa za Ulaya na Marekani ziliufuata kwa miaka mingi. Dawa za kushusha homa, na baadaye antibiotiki, ndizo zilizouondoa.

Sambamba na madaktari hao walikuwapo watu wa vijijini waliovuta umati. Vincenz Priessnitz, mkulima wa Gräfenberg katika milima ya Silesia (leo ni Jamhuri ya Cheki), na Sebastian Kneipp, padre Mkatoliki wa Bad Wörishofen, Bavaria, ambaye kitabu chake cha tiba ya maji cha mwaka 1886 kilisambaa mno. Kwao maji baridi yalitibu karibu kila kitu. Wageni wao wengi walirudi nyumbani wakiwa na nafuu ya kweli, ila pale walikuwa pia wanatembea milimani, wanalala mapema, wanakula chakula chepesi na wameacha pombe. Nani atajua kilichowaponya? Tatizo hilo halijaondoka: wanaoogelea maji baridi kwa vikundi leo wanapata pia mazoezi, marafiki na hewa safi, na mtafiti anashindwa kujua sifa ampe nani.

Upande wa ganzi, mpasuaji wa jeshi la Napoleon, Dominique-Jean Larrey, aliona kwenye vita vya Eylau mwaka 1807 kwamba askari waliokatwa viungo katika baridi kali walihisi maumivu kidogo. Aliona pia kwamba waliokimbilia kuota moto miguu ikiwa imeganda ndio waliooza miguu. Upande wa kuua seli, James Arnott wa Uingereza, katikati ya karne ya 19, alichanganya barafu iliyopondwa na chumvi akapata baridi ya takriban nyuzi 20 chini ya sifuri, akaiweka juu ya uvimbe wa saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi. Huyo ndiye babu wa tiba ya dada yako.

Baridi ya hospitalini nayo ina historia ya kupanda na kushuka. Tarehe 2 Septemba 1952 huko Minneapolis, F. John Lewis alimpoza mtoto wa kike wa miaka 5 hadi takriban nyuzi 28, akafungua moyo wake na kuziba tundu kwa dakika chache, ubongo ukasalimika kwa sababu mwili uliopoa unahitaji oksijeni kidogo. Mwaka 2002 tafiti mbili zilionyesha kuwa kumpoza hadi nyuzi 32 hadi 34 mtu aliyezindushwa baada ya moyo kusimama kunaokoa ubongo, na dunia nzima ikafuata. Mwaka 2021 utafiti mkubwa zaidi ukaonyesha kwamba kumpoza hadi 33 hakukuwa bora kuliko kumzuia asipate homa tu.

Hapa Afrika Mashariki lipo jambo ambalo kila muuguzi wa wodi ya watoto angepaswa kulijua. Katika nchi zenye vifaa kamili, mtoto mchanga aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa hupozwa hadi karibu nyuzi 33.5 kwa saa 72, kuanzia ndani ya saa 6 za mwanzo, na tiba hiyo inaokoa. Jaribio dogo la Hospitali ya Mulago, Kampala, lililochapishwa 2008, lilitumia chupa za maji: katika watoto 21 waliopozwa walikufa 7, na katika 15 wasiopozwa alikufa 1. Jaribio lilikuwa dogo mno kutoa hukumu. Lakini mwaka 2021 utafiti wa watoto 408 katika India, Sri Lanka na Bangladesh nao ulikuta vifo vingi zaidi kwa waliopozwa. Tiba ileile, wodi tofauti, matokeo kinyume. Mtoto mchanga asipozwe kwa kubahatisha mahali pasipo na uangalizi kamili wa wodi ya wagonjwa mahututi.

Mwili unafanya nini ukiingia pipani

Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Ngozi ikipoa ghafla, mwili unashtuka: unavuta pumzi moja kubwa bila kutaka, kisha unahema mbiombio, moyo unaenda kasi, mishipa ya ngozi inajibana na presha inapanda. Mshtuko huu hufika kileleni ndani ya sekunde 30 za mwanzo na hutulia katika dakika mbili tatu. Ndiyo maana hatari kubwa kabisa iko mwanzoni. Wengi wanaokufa katika maji baridi hawakupoa hadi wakafa. Walivuta ile pumzi ya kwanza kichwa kikiwa chini ya maji, au moyo wao uligonga vibaya.

Uso nao una mambo yake. Uso ukizama kwenye maji baridi, neva huamuru moyo upunguze kasi, wakati ngozi ya mwili inauamuru uongeze. Amri mbili zinazopingana zinaweza kuvuruga mapigo hata kwa mtu mwenye afya. Kwa hiyo usizamishe kichwa, na usiruke ndani.

Baada ya hapo, takriban dakika 10 hivi, mikono na miguu inaanza kulegea. Joto la ndani ya mwili ndilo la mwisho kushuka, na linaendelea kushuka hata baada ya kutoka, kwa dakika 10 hadi 30 au zaidi. Mtu anatoka akijisikia shujaa, kisha robo saa baadaye anatetemeka meno yakigongana. Asipande pikipiki wala kuendesha gari mpaka kutetemeka kuishe.

Uliyoambiwa gym, moja baada ya jingine

Kupunguza maumivu ya misuli baada ya mazoezi: kweli, kwa kiasi. Uchambuzi wa mwaka 2012 wa majaribio madogo 17 yenye watu 366 ulikuta maumivu yanapungua kwa siku moja hadi nne ukilinganisha na kupumzika tu. Kwa timu yenye mechi leo na kesho kutwa, pipa lina maana.

Kukuza misuli: hapana, kinyume chake. Mwaka 2015 watafiti walichukua wanaume wafanye mazoezi ya nguvu kwa wiki 12. Kundi moja lilikaa kwenye maji ya nyuzi 10 kwa dakika 10 kila baada ya mazoezi, jingine liliendesha baiskeli polepole. Waliojitumbukiza walipata misuli midogo zaidi na nguvu kidogo zaidi. Kunyanyua vyuma kunaamsha ndani ya misuli ishara zinazoita ujenzi mpya, na baridi inazipunguza. Vijana wenu wanaotoka kwenye chuma na kuingia pipani moja kwa moja wanajipunja. Anayetaka misuli na pipa pia aviweke siku tofauti, au avitenganishe kwa saa 6 angalau.

Kitambi: usiliwekee tumaini. Ni kweli watu wazima wana mafuta ya kahawia yanayochoma nishati wakati wa baridi, jambo lililothibitishwa 2009, lakini ni kidogo, na baridi huongeza hamu ya kula. Ile hesabu ya dakika 11 kwa wiki inayozunguka mitandaoni imetoka kwenye utafiti wa Denmark wa wanaume wachache ambao tayari walikuwa waogeleaji wa majira ya baridi. Haukuwa utafiti wa kutafuta kipimo cha dawa, wala wa kupunguza kitambi.

Kinga ya mwili: ushahidi mkubwa tulio nao ni wa Uholanzi, 2016. Watu 3018 waligawanywa. Baadhi walimalizia kuoga kwa maji baridi sekunde 30, 60 au 90, kila siku kwa siku 30. Waliooga baridi walikosa kazi kwa ugonjwa pungufu kwa asilimia 29, lakini siku walizougua hazikupungua. Yaani waliumwa vilevile, wakajikaza kwenda kazini. Na sekunde 30 zilifanya sawa na 90.

Msongo na furaha: ile hali ya kuchangamka ni ya kweli. Utafiti wa Prague wa mwaka 2000 uliwakalisha vijana kwenye maji ya nyuzi 14 kwa saa nzima. Kemikali za mwili zinazochangamsha zilipanda: noradrenalini kwa asilimia 530 na dopamini kwa asilimia 250. Ila kupanda kwa homoni siku moja si tiba ya sonona. Uchambuzi wa mwaka 2025 ulijumlisha tafiti 11 zenye watu 3177 na kukuta msongo unapungua saa 12 baadaye. Inasikika kubwa, mpaka ukumbuke kwamba 3018 kati yao ni Waholanzi walewale wa bafuni. Wanaobaki hawafiki 200.

Kuhusu vile vyumba vya baridi ya nyuzi -110 na chini ya hapo: vilianzishwa Japani mwaka 1978 na Toshima Yamauchi kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilitamka 2016 kwamba haijaidhinisha kifaa chochote cha aina hiyo kwa tiba. Vinavyotumia naitrojeni vina hatari ya ziada, kwa kuwa gesi hiyo inasukuma oksijeni nje na mtu anazimia bila kuhisi kukosa hewa. Pipa, kwa bei yake, linatosha.

Presha yako

Baridi ilishatumika kama kipimo cha presha. Miaka ya 1930 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliwatumbukiza watu mkono mmoja kwenye maji ya barafu kwa dakika moja, wakaona presha ya juu inapanda, kwa wengine kidogo na kwa wengine mno. Huo ni mkono tu. Ukitia mwili mzima, mzigo juu ya moyo unakuwa mkubwa zaidi. Amlodipine inapanua mishipa na baridi inaibana. Ukitoka na kujimwagia maji ya moto, mishipa inafunguka kwa mpigo, presha inashuka, unaweza kuanguka.

Pima nyumbani asubuhi na jioni kwa siku 7, umekaa dakika 5 kabla ya kupima, na siku ya kwanza usiihesabu. Wastani ukiwa 135/85 au zaidi, pipa lisubiri hadi dawa zirekebishwe. Ukiwa chini ya hapo, mwone daktari wako akupime na umeme wa moyo, hasa kama una kisukari, unavuta sigara, au umewahi kubanwa kifua ukipanda ngazi. Akikuruhusu, anza na bafu, miguu kwanza, sekunde 30. Pipa lije baadaye.

Wasioingia kabisa ni wenye ugonjwa wa moyo au mapigo yasiyo sawa, waliowahi kupata kiharusi, wajawazito, wenye kifafa, wenye vidole vinavyogeuka vyeupe kwa baridi, na wanaotoka mabaka ya kuwasha wakiguswa na baridi. Pia wenye kisukari kilichokwisha kuua hisia za miguu. Kundi jingine halitajwi kwenye video za Ulaya, na kwetu ni la kwanza kutajwa: wenye selimundu. Baridi inabana mishipa, seli zilizojikunja zinanasa, na mtu anaingia kwenye maumivu makali ya kulazwa. Gym yoyote hapa nchini yenye pipa inapaswa kuuliza swali hilo mlangoni.

Pipa lenyewe

Kwanza ujue lilibeba nini. Mapipa mengi ya bluu yanayouzwa mitaani yalileta kemikali za viwandani. Chukua lililobeba chakula tu. Pipa refu la lita 200 lina tabu ya kutoka, miguu ikiwa na ganzi linaweza kupinduka nawe. Tenki lililokatwa, la kukaa miguu imenyooka, ni bora. Kama ni pipa refu, liegemezwe ukutani, pawe na kigoda ndani na nje.

Maji ya bomba ya Dar es Salaam yenye nyuzi 28 hayana baridi ya kutosha kwa pipa. Kuyashusha lita 100 hadi nyuzi 13 kunahitaji takriban kilo 16 za barafu, na kwa kuwa pipa na hewa navyo vina joto, andaa 20. Kwa Njombe au Lushoto, maji yakianza na nyuzi 20, kilo 8 zinatosha. Usijaze zaidi ya lita 100 kwenye pipa la 200, mwili wako utapandisha maji. Koroga, pima kwa kipimajoto, kwa sababu baridi huwa haiko sawa juu na chini. Usiongeze chumvi ili barafu idumu: chumvi na barafu hushuka hadi karibu nyuzi -20, na ngozi inaungua.

Mgeni aanze na nyuzi 18 hadi 20, dakika 1 au 2. Kwa wiki kadhaa ateremke hadi nyuzi 12 hadi 15, dakika 3 hadi 5. Majaribio ya wanamichezo yalitumia nyuzi 10 hadi 15 kwa dakika 10 hadi 15, na chini ya 10 hakuna faida ya ziada iliyothibitika, hatari tu. Ingia taratibu, miguu, kiuno, kifua, huku unatoa pumzi polepole kwa mdomo. Vidole vya mikono vibaki nje. Usianze kuhesabu muda mpaka pumzi itulie. Isipotulia ndani ya dakika 2, toka. Asiingie mtu peke yake, wala aliyekunywa pombe. Na zile mbinu za kuhema haraka haraka kisha kubana pumzi zisifanywe ndani ya maji kamwe: zinafukuza hewa ukaa, hamu ya kuvuta pumzi inapotea, mtu anazimia na kuzama kimya.

Ukitoka jifute, vaa nguo kavu, kaa chini, kunywa kitu cha uvuguvugu. Watu wengi wakitumia maji yaleyale yabadilishwe kila siku, na mwenye kidonda asiingie. Pipa lifunikwe au limwagwe jioni: mbu wa dengue huzaliana kwenye maji masafi yaliyotuama, na mtoto mdogo huzama kwenye pipa bila kelele.

Mahali baridi inapookoa maisha

Hapa ndipo ningependa gym yenu itumie lile pipa. Mtu anakimbia kwenye joto, au anafanya kazi za ujenzi kiangazi cha Muscat au Doha, ghafla anachanganyikiwa, anaongea ovyo au anaanguka, mwili ukiwa moto zaidi ya nyuzi 40. Hicho ni kiharusi cha joto, na kila dakika inaunguza ubongo. Mpoze kwanza, hospitali baadaye. Mtumbukize hadi shingoni kwenye maji na barafu, mtu mmoja ashike kichwa, shuka ipite makwapani asizame, maji yakorogwe muda wote. Katika mbio za Falmouth, Marekani, wakimbiaji 274 walitibiwa hivyo kwa miaka 18, na wote walinusurika. Lengo ni kufika chini ya nyuzi 39 ndani ya dakika 30. Kama hamna kipimajoto cha njia ya haja kubwa, dakika 10 hadi 15 kisha mpelekeni. Hamna pipa? Turubai, watu wanne washike pembe, mwageni maji na barafu katikati na kumtikisa humo. Hamna barafu? Maji ya bomba na kupepea bila kukoma. Kwa mahujaji wa Makka, watafiti Khogali na Weiner walibuni mwaka 1980 kitanda maalumu cha kupuliza maji laini na hewa ya uvuguvugu, ili ngozi isijibane. Panadol haisaidii kiharusi cha joto.

Homa ya malaria au maambukizi ni kitu tofauti. Pale ubongo wenyewe umepandisha kiwango, ukimwagia mtoto maji baridi atatetemeka na kuzalisha joto zaidi. Punguza nguo, mpe paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, mpeleke akapimwe malaria.

Aliyeungua moto au uji awekwe chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, na bado inasaidia hadi saa 3 tangu aungue. Vua pete na bangili mapema. Barafu hapana, dawa ya meno hapana, yai hapana. Mtoto afunikwe sehemu zisizoungua asipoe mwili mzima.

Kwa kifundo kilichoteguka: barafu iliyopondwa, ndani ya kitambaa chenye maji, dakika 10 hadi 15, kila baada ya saa 2 kwa siku mbili za kwanza. Barafu ya friza isiguse ngozi bila kitambaa. Upande wa nje wa goti na ndani ya kiwiko neva ziko juujuu, hapo dakika 10 ziwe mwisho. Lengo ni maumivu tu. Kupona kunaletwa na kuanza kutembea mapema.

Dada yako

Tiba mgando ni ile kazi ya tatu ya baridi, kuua seli, ikifanywa mahali padogo sana. Amepimwa, pengine kwa siki, yakaonekana mabadiliko kwenye mlango wa kizazi ambayo bado si saratani lakini yangeweza kugeuka baada ya miaka. Mtoa huduma anagusisha kifaa cha chuma kinachopozwa kwa gesi, anagandisha dakika 3, anaacha ziyeyuke dakika 5, anagandisha tena 3. Seli zikifika takriban nyuzi -20 zinakufa, na kuyeyuka katikati ndiko kunakozimaliza. Halazwi, kwa kawaida hachomwi sindano ya ganzi. Atahisi maumivu kama ya hedhi.

Vituo vingi sasa vimeanza kutumia kifaa cha joto badala ya baridi, chenye nyuzi 100 kwa chini ya dakika moja. Akikuta hicho asishangae, lengo ni lilelile. Akiambiwa eneo ni kubwa mno au limeingia ndani ya mfereji, atapewa rufaa ya kukatwa kwa kitanzi cha umeme. Kama ana mimba, aseme kabla ya kuanza.

Baada ya hapo atatokwa na majimaji mengi kwa wiki 4 hadi 6, atumie pedi. Asifanye tendo la ndoa kwa wiki 4, ikishindikana, kondomu. Asiingize kitu wala kujisafisha kwa ndani. Arudi haraka akipata homa, maumivu makali ya chini ya tumbo, uchafu wenye harufu au usaha, au damu inayozidi hedhi yake nzito. Na arudi kupimwa tena baada ya miezi 12 hata akijisikia mzima. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi kabla hajatoka kliniki, na wewe uiweke kwenye simu yako.